Kusaga Upepo: Historia ya Mashine ya Kukimbilia na Swali la Daftari

"Shikamoo Mwalimu. Sasa hapo unakimbia unakwenda wapi?"

Aliyeniuliza ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Alinikuta alfajiri moja katika ukumbi wa mazoezi, jasho likinitiririka, nikiwa juu ya mashine iliyokuwa imenikimbiza kwa dakika 30 bila kunisogeza hata hatua moja. Nilimwitikia "marahaba", lakini sikuwa na jibu la swali lake. Sababu ya kukimbia nilikuwa nayo: daktari alikuwa amekwisha kunionya kuhusu shinikizo la damu na kazi ya kukaa kitini kutwa nzima. Lakini kijana hakuniuliza sababu, aliniuliza mwisho wa safari. Nimelitafakari swali lake kwa wiki kadhaa, na kadiri nilivyofuatilia asili ya mashine ile ndivyo nilivyoona kwamba watu wengine waliliuliza kabla yake, tena wakiwa katika hali isiyo ya mzaha hata kidogo.

Mashine hii haikuzaliwa katika ukumbi wa mazoezi. Ilizaliwa gerezani.

Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Ipswich, alibuni gurudumu kubwa la mbao lenye vidato mzunguko mzima. Wafungwa walisimama kwa safu, wakashika upau uliokuwa mbele ya vifua vyao, wakaanza kupanda. Kila walipokanyaga kidato, gurudumu lilizunguka na kidato kikashuka, ikawabidi wakanyage kinachofuata. Ilikuwa ngazi isiyo na mwisho. Gereza la Bury St Edmunds lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kulitumia, na mwaka 1821 gurudumu kubwa likafungwa katika gereza la Brixton, London. Kutoka hapo lilienea katika magereza mengi ya Uingereza. Waingereza waliliita kinu, kwa sababu katika baadhi ya magereza lilisaga nafaka au kuvuta maji. Nami nitaliita kinu cha kukanyaga.

Tukifanya hesabu kidogo tutaelewa uzito wa kazi hiyo. Katika gurudumu la namna ya Brixton, mfungwa alikanyaga takriban vidato 48 kwa dakika, kila kimoja kikiwa na kimo cha kama sentimita 20. Hiyo ni karibu mita 10 za kupanda kwa dakika moja, au karibu mita 580 kwa saa moja ya kukanyaga. Saa saba za namna hiyo zingetosha kumpandisha mtu kutoka lango la Marangu hadi kilele cha Uhuru, safari ambayo watalii wetu huifanya kwa siku tano au sita wakiwa na wapagazi, chakula na picha za kupeleka nyumbani. Mfungwa alipewa vipindi vya kupumzika, na muda wa kazi ulitofautiana kati ya gereza na gereza. Lakini kesho yake alirudi palepale, chini ya mlima uleule.

Tena magurudumu mengi hayakusaga chochote. Yaliunganishwa na mapanga makubwa ya kupambana na hewa ili tu yawe mazito, na watu wakawa wanasema kwamba wafungwa wanasaga upepo. Wahenga wetu wangesema wanatwanga maji kwenye kinu. Lakini wahenga walipoutumia usemi huo walimlenga mjinga asiyejua kwamba anapoteza nguvu. Hapa upotevu wenyewe ndio uliokuwa shabaha. James Hardie, aliyeandika kuhusu kinu kilichokuwa katika gereza la New York, alieleza mwaka 1824 kwamba kilichowatisha wafungwa hakikuwa ugumu wa kazi bali uthabiti wake usiobadilika: mwendo uleule, dakika baada ya dakika, siku baada ya siku. Naomba msomaji aliweke neno hilo, uthabiti, mahali pa karibu, kwa maana tutalihitaji tena.

Sura ya kutisha zaidi ya historia hii iko katika visiwa vya Karibi. Tarehe 1 Agosti 1834 sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilianza kutumika katika makoloni yake mengi. Bunge lilikuwa limetenga pauni milioni 20 za fidia, zikaenda kwa mabwana waliomiliki watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata senti. Badala yake waliwekwa chini ya mpango ulioitwa uanagenzi, ambao uliwalazimisha kuendelea kuwafanyia kazi bila ujira mabwana walewale kwa sehemu kubwa ya wiki. Sheria ilimnyang'anya bwana haki ya kumchapa mtu kwa mkono wake mwenyewe, ikaipeleka kazi ya adhabu kwa mahakimu na nyumba za marekebisho. Na katika nyumba hizo, huko Jamaika, kinu cha kukanyaga kiliwekwa kama chombo cha kistaarabu cha kuchukua nafasi ya kiboko.

Ustaarabu huo tunaufahamu kupitia kijana James Williams wa parokia ya St Ann, aliyekuwa na umri wa miaka kama 18. Masimulizi yake yalichapishwa Uingereza mwaka 1837. Alieleza jinsi watu walivyofungwa viganja kwenye upau wa juu, na jinsi aliyeshindwa kufuata mwendo alivyobaki ananing'inia huku vidato vikimgonga miguuni. Alieleza kwamba mijeledi haikuondoka, bali ilihamia kando ya gurudumu, na kwamba wanawake nao walipandishwa na kuchapwa. Masimulizi hayo mafupi yakawa silaha mikononi mwa wapinzani wa uanagenzi. Mpango uliokusudiwa kuendelea hadi 1840 kwa wafanyakazi wa mashambani ulivunjwa tarehe 1 Agosti 1838.

Jambo moja katika masimulizi yale hunigusa kila ninapoyafikiria. Gereza lilikuwa na kumbukumbu zake: nani aliingia, kwa kosa gani, kwa siku ngapi. Williams hakuwa na kitabu cha kuandikia. Alikuwa na kumbukumbu ya mwili wake, na alipopata wa kumsikiliza akaifanya kuwa daftari la pili lililopingana na lile la kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, husema wafanyabiashara wa pwani. Hata mateso bila daftari hupotea bila habari.

Kinu kiliendelea Uingereza kwa miongo mingine sita. Mwandishi Oscar Wilde, aliyehukumiwa mwaka 1895 kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu, alikuwa mmoja wa waliokipanda katika miaka yake ya mwisho. Sheria ya Magereza ya 1898 ilifungua njia ya kukiondoa, na mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa kitu cha makumbusho.

Lakini kabla hakijafa, kinu kilikuwa kimezaa mtoto. Katika miaka ya 1850 tabibu Edward Smith aliingia katika gereza la Coldbath Fields, London, akiwa na kifaa cha kupimia hewa anayovuta mtu. Aliwapima wafungwa wakiwa kwenye gurudumu, akapanda yeye mwenyewe, akaandika idadi ya pumzi, mapigo ya moyo na kiasi cha kabonidayoksaidi kinachotolewa. Alionyesha kwa tarakimu kwamba kazi ile ilikuwa miongoni mwa nzito kabisa anazoweza kupewa binadamu, na akatumia vipimo vyake kuhoji lishe ya wafungwa na ukosefu wa usawa wa adhabu yenyewe. Hukumu moja ya "kazi ngumu" ilikuwa na maana mbalimbali katika magereza mbalimbali na kwa miili mbalimbali.

Kwa nini mwanasayansi alikihitaji chombo kile? Kwa sababu ileile iliyowatisha wafungwa: uthabiti. Njia ya barabarani ina vilima, mchanga, upepo na mbwa wa jirani. Huwezi kujua kama leo umechoka kwa sababu umedhoofika au kwa sababu njia imekuwa mbaya. Mashine huondoa mambo hayo yote. Kasi ni ileile, mwinuko ni uleule, kwa hiyo chochote kinachobadilika katika tarakimu kimebadilika ndani yako. Mwaka 1889 mwanafiziolojia Nathan Zuntz, akifanya kazi Berlin, alitumia mkanda unaozungushwa kwa nguvu ya mashine kuchunguza matumizi ya oksijeni ya farasi, na baadaye ya binadamu. Ngazi isiyo na mwisho ikawa barabara isiyo na mwisho.

Swali la jasho hilo lina faida kwa nani halikuisha. Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha Maabara ya Uchovu, tena ndani ya shule yake ya biashara, maana waajiri nao walitaka kujua mfanyakazi huchoka vipi. Watafiti wake walikwenda jangwani kuchunguza athari za joto kwa wajenzi wa bwawa kubwa la mto Colorado. Lakini walimpandisha pia kwenye mashine Clarence DeMar, mchapaji wa magazeti aliyeshinda mbio za marathoni za Boston mara saba, wakaona kwamba kwa kasi iliyowamaliza wengine, asidi ya laktiki katika damu yake ilipanda kidogo tu. Stahamala, ambayo watu waliidhani kuwa ni moyo mgumu peke yake, ilianza kuonekana kuwa hali ya mwili inayoweza kupimwa, na kwa hiyo inayoweza kujengwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Dallas mwaka 1966. Vijana watano walilazwa kitandani kwa siku 20 mfululizo, kisha wakafanyishwa mazoezi kwa takriban miezi miwili. Kabla ya kulala, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa wastani wa lita 3.3 kwa dakika. Walipoamka ulikuwa umeshuka hadi 2.4. Baada ya mazoezi ulipanda hadi 3.9, juu ya pale walipoanzia. Miaka 30 baadaye watu walewale watano walipimwa tena. Ikaonekana kwamba miaka 30 ya kuzeeka iliwapunguzia uwezo kidogo kuliko wiki tatu za kitanda, na kwamba mazoezi ya miezi sita ya polepole yaliwarudisha katika kiwango cha ujana wao. Mimi ambaye nimevuka miaka 50 nimeisoma taarifa hiyo zaidi ya mara moja.

Mmoja wa watafiti wa Dallas alikuwa Bengt Saltin wa Sweden, na huyu ndiye anayeifikisha historia yetu Afrika Mashariki. Mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wakimbiaji na wavulana wa Kenya wakilinganishwa na wakimbiaji wa Skandinavia. Wakati huo ushindi wa Wakenya ulikuwa ukielezwa kwa hadithi za damu na kabila. Mashine ilitoa jibu la kiasi zaidi. Uwezo wa juu wa oksijeni wa wakimbiaji bora wa pande mbili haukuachana sana. Tofauti ilikuwa katika uchumi wa mbio, yaani oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ileile. Na miongoni mwa wavulana wa Kenya wenyewe, wale ambao maisha yao ya kila siku yalijaa kutembea na kukimbia walikuwa na uwezo mkubwa zaidi kuliko wenzao waliokaa. Njia ya kwenda shule ilikuwa imefanya kazi yake kimyakimya kwa miaka mingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba nacho ni kipimo.

Mashine ilifika majumbani na kumbini kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya hospitali: mwaka 1963 daktari Robert Bruce wa Seattle alitangaza utaratibu wa kupima moyo ambao unaanza kwa mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, kisha kasi na mwinuko vinaongezwa kila baada ya dakika tatu. Bado unatumika. Ya pili ni ya nyumbani: William Staub, mhandisi wa New Jersey, alisoma kitabu cha daktari Kenneth Cooper kilichotoka mwaka 1968 kuhusu faida za mazoezi ya pumzi, akaunda mashine rahisi ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiweka chumbani. Karne moja na nusu baada ya Cubitt, watu wakaanza kulipa fedha ili wapande chombo ambacho babu zao walikipanda kwa hukumu.

Hapa ndipo baadhi ya wanaharakati rafiki zangu hucheka na kusema: mnaona, ubepari umewafanya watu wajifunge wenyewe! Kauli hiyo ni tamu, lakini haitoshi. Mtu wa mjini anayefanya kazi hadi usiku, katika mtaa usio na njia ya waenda kwa miguu, ambako mwanamke anayekimbia saa kumi na moja alfajiri hana usalama, hajajifunga. Ametafuta mahali pa kukimbilia. Tukitaka kulaumu, tuzilaumu barabara zilizojengwa kwa ajili ya magari peke yake. Na tusisahau kwamba hata ukumbi una ada, na wengi hawaimudu.

Tofauti kati ya kinu na mashine naiona kwingine. Mashine ya leo ina kitufe chekundu cha kusimamisha, nacho kiko mbele ya anayekimbia. Gurudumu la Brixton lilisimamishwa na askari. Tofauti ya pili ni daftari. Tarakimu za gereza zilikuwa za gereza: zilihesabu vidato ili kujua kama adhabu imetimia. Hazikumwambia aliyepanda lolote kuhusu nafsi yake.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu aliponiona, nilikuwa na daftari dogo la karatasi kwenye ubao wa mashine. Nieleze linavyotumika, kwa sababu ndilo jibu langu. Siku nyingi za wiki nakimbia kwa kasi inayoniruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Siku moja tu naongeza kasi kwa vipindi vifupi, na kati yake natembea. Naweka mwinuko wa asilimia 1, kwa kuwa uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 na Andrew Jones na Jonathan Doust ulionyesha kwamba mwinuko huo hufidia ukosefu wa upepo wa mbele, ingawa kwa mwendo wa kobe kama wangu tofauti ni ndogo. Sishiki vishikio, maana anayeegemea vishikio anaidanganya mashine kisha mashine inamdanganya yeye. Tarakimu ya kalori siiandiki kabisa, kwa sababu mashine haijui mwili wangu.

Ninachoandika ni mambo manne: kasi, muda, mapigo ya moyo na usingizi wa usiku uliotangulia. Kila baada ya wiki sita narudia jaribio moja kwenye mashine ileile, kwa kasi na mwinuko uleule, kwa dakika 20. Mara ya kwanza moyo wangu ulipiga mara 158 kwa dakika mwishoni. Mara ya tatu ulipiga 146. Kasi haikubadilika, mkanda haukubadilika, mimi ndiye niliyebadilika. Kuna wiki ambazo tarakimu zilirudi nyuma, nami nikatazama safu ya usingizi nikaelewa. Daftari linalomjua mwenyewe humruhusu kupumzika bila aibu.

Watumishi wa umma wanaonisoma wataniuliza hili linawahusu vipi. Wao wameishi na OPRAS, na sasa wanaishi na PEPMIS; wenzao wa Kenya wana mikataba ya utendaji kazi. Mimi mwenyewe nawapima vijana kwa alama, na chuo kinanipima kwa idadi ya machapisho. Sipingi kupimwa. Bila vipimo vya Edward Smith uzito wa kinu ungebaki maneno ya wafungwa ambao hakuna aliyewaamini, na bila vipimo vya Saltin hadithi za damu zingebaki bila mpinzani. Lakini kipimo kile kile, chenye uthabiti ule ule, kiliwahi kuwa adhabu. Mtumishi anayejaza fomu asiyoisoma mtu, ambayo haimwonyeshi alipoimarika wala haimpi haki ya kusema "hapa mwinuko ni mkali kupita nguvu na vitendea kazi mlivyonipa", huyo anasaga upepo, hata kama anafanya hivyo kwenye kompyuta mpya.

Kwa hiyo kabla ya kuukubali mfumo wowote wa kutupima, tuutazame kama tunavyoitazama mashine kabla ya kuipanda. Kitufe cha kusimamisha kiko upande gani? Daftari linabaki na nani baada ya jasho kukauka?

Wiki iliyopita nilikutana tena na yule kijana kwenye ngazi za jengo letu la mihadhara, ghorofa ya nne. Zamani nilikuwa nikifika juu, nasimama kidogo nikijifanya natafuta funguo. Safari hii tulipanda pamoja, na nilipofika juu nilikuwa bado namweleza habari za James Williams. Alinisikiliza, kisha akacheka: "Kumbe Mwalimu ulikuwa unakuja huku."